Cheche au Mafuta

Anselme alikuwa fundi wa pikipiki mtaani Saio, mjini Bunia, na pikipiki pekee iliyowahi kumshinda ilikuwa ya kwake mwenyewe. Watu wa Saio walilijua hilo, na kwa kuwa vita ilikuwa imewabakizia mambo machache ya kuchekea, hili walilitumia vizuri.

Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya rangi iliyowahi kuwa nyekundu. Aliachiwa na padri mmoja aliyeondoka Bunia kwa haraka bila kuaga. Asubuhi iliwaka kwa teke la kwanza. Ilipanda, ikashuka, na ulipoanza tu kuiamini ikakohoa, ikalegea, ikazima. Hapo Anselme alishuka na kufanya kama kila fundi wa Bunia alivyofanya miaka ile: kabla ya yote alifungua kofia ya tangi akanusa. Petroli iliuzwa kwenye chupa kando ya njia, na wauzaji waliichanganya na mafuta ya taa, au maji, au chochote kinachomiminika, kwa hiyo pua ndiyo iliyokuwa chombo cha kwanza cha ufundi. Akisharidhika, alitoa buji, yaani plagi ya cheche, akaipangusa kwa shati, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga teke aone cheche. Cheche ilikuwa ya buluu, nono. Akairudisha buji, akafunga kofia, akapiga teke, pikipiki ikawaka.

"Mumeona?" aliwaambia waliosimama hapo. "Ni buji."

Mwendo mfupi tu, ikazima tena. Akabadilisha buji. Akabadilisha waya wake. Akabadilisha bobine, ile inayoipa buji umeme, kwa kuitoa kwenye pikipiki ya marehemu mmoja ambaye familia yake haikuwa na safari. Kila kifaa kilimponya mgonjwa kwa muda wa kunywa chai.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemtii: kofia ya tangi. Zamani ilikuwa ikivujisha petroli kwenye kitenge cha mke wake Martine, aliyekaa nyuma, na Martine akiwa na mimba hakuweza kuvumilia ile harufu. Alikuwa akitapika njia nzima na kumlaumu Anselme kila alipopata nafasi ya kupumua. Basi Anselme alikata kipande cha duara kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, akakibana chini ya kofia kwa ustadi mkubwa. Tangu siku ile halikutoka hata tone. Alikionyesha kipande kile kwa wageni.

Ng'ambo ya njia alifanya kazi rafiki yake Paluku, fundi kama yeye, na wawili hao walikuwa wamebishana miaka mingi bila kuchoka. Kwa Anselme, kila pikipiki inayozima ina tatizo la cheche. Kwa Paluku, ina tatizo la mafuta. Kila mmoja alikuwa sahihi mara kwa mara, na hilo ndilo lililowaharibu.

"Iko mafuta," Paluku alisema siku moja, bila hata kuinama.

"Mafuta inashuka muzuri. Nilitoa kamupira ka chini ka kupitisha mafuta, nikaona na macho yangu."

"Ulitoa mbele ya kunusa tangi, ao nyuma ya kunusa?"

"Nyuma. Nilinusa kwanza. Sasa ile inaingia wapi?"

Paluku akacheka mpaka akajishika kiuno. Akasema atamwonyesha kesho; leo aende kwanza kulala na ujinga wake, usiku mmoja hauui mtu. Anselme akamtukana kwa upole, wakaachana.

Kesho yake mchana wapiganaji waliingia Saio na gari linalotoa moshi. Vita ile ilikuwa inakula magari, na magari yalikuwa yanakula mafundi. Walimchukua Paluku na spana zake, mikono yake ikiwa bado na grisi, na hakurudi. Anselme aliponea kwa sababu wakati huo alikuwa mbali, akisukuma pikipiki yake iliyozima sokoni.

Baada ya hapo hakulala vizuri. Martine alikuwa amekaribia siku zake. Mara mbili alikuwa amezaa mtoto asiyelia, na mkunga wa mtaa alikuwa amekimbia. Mama yake Martine, Agathe, alikuwa mkunga huko Boga, na Martine alisema wazi kwamba mtoto huyu atazaliwa mikononi mwa mama yake, na Anselme akiwa mlangoni, si kwenye kambi ya watu akitengeneza gari lao. Kwa hiyo walipaswa kufika Boga wote wawili, na njiani kulikuwa na kizuizi cha wapiganaji ambapo hakuna aliyepaswa kujua kwamba Anselme ni fundi.

Martine alimsugua mikono kwa majivu na sabuni mpaka ngozi ikaomba msamaha. Kucha zilibaki nyeusi.

"Utaweka mikono mufukoni," akasema. "Na kinywa chako pia uweke mufukoni. Mutu akisema bujinga juu ya pikipiki, weye unanyamaza. Umesikia? Weye uko mutu wa kufundisha kwaya."

"Mi sijue kuimba."

"Hata wale wa kwaya hawajue."

Waliondoka asubuhi. Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza na kutembea kwa adabu hadi mwisho wa mji, ambapo kizuizi kilionekana. Hapo ikakohoa, ikalegea, na kuzima mbele ya kamba iliyofunga njia, miguuni pa mkubwa wa kizuizi, kana kwamba ilikuwa imealikwa.

"Kazi yako nini?" mkubwa akauliza.

"Ninafundisha kwaya."

"Imba."

Anselme akaimba. Hakufika ubeti wa pili. Mkubwa aliinua mkono na kumwomba, kwa heshima kabisa, aache.

Kisha wapiganaji wakaizunguka pikipiki, na mateso yakaanza. Wa kwanza alisema ni mnyororo. Mnyororo! Anselme akakaza mikono mfukoni. Wa pili alisema ni vumbi limeingia kwenye bomba la moshi, akalipiga bomba kwa buti. Wa tatu alieleza kwa kirefu kwamba pikipiki za mapadri haziwaki zikibeba mwanamke. Jasho lilimtoka Anselme. Angeweza kuvumilia kofi, lakini mnyororo ulikuwa umemuuma kweli. Alifungua kinywa, na Martine akamkanyaga mguu kwa uzito wake wote, ambao wakati ule haukuwa mdogo.

"Ikikuwa muzima tunaichukua," mkubwa akaamua. "Muite fundi."

Fundi akaja kutoka nyuma ya nyumba, na alikuwa Paluku. Alikuwa amekonda, amevaa buti za mtu mwingine, spana moja mkononi. Alimtazama Anselme kama mtu anavyomtazama mgeni. Moyo wa Anselme uliruka kwa furaha, halafu kwa hofu, akainamisha macho.

Paluku alifungua kofia ya tangi akanusa. Kidole chake kikaingia chini ya kofia, kikatulia hapo kidogo. Alipofunga, mkono wake ulikuwa umefumba ngumi. Kisha akatoa buji, akainama mpaka mgongo wake ukawafichia wengine, akapiga teke. Anselme, aliyesimama pembeni, aliiona cheche: ya buluu, nono.

"Mukubwa, hii haina cheche," Paluku akasema. "Bobine imekufa. Ya namna hii hata Kampala hauwezi kuipata."

"Haiko shida ya mafuta?"

"Apana. Mafuta iko muzuri. Iko shida ya cheche." Akamgeukia Anselme. "Weye mutu wa kwaya, unaona namna gani? Si iko cheche?"

Miaka yote Anselme alikuwa amesubiri kusikia maneno hayo kutoka kinywa hicho. Alikuwa amepanga hata atakavyocheka.

"Mi sijue," akasema. "Mi sijue kitu juu ya pikipiki."

Paluku alitikisa kichwa taratibu, akairudisha buji na kuikaza vizuri kuliko inavyokazwa buji ya pikipiki iliyokufa.

"Toeni takataka yenu hapa," mkubwa akasema.

Waliisukuma. Baada ya kona Martine aliketi kwenye jiwe, akashika tumbo, akamwambia aiwashe kama anajua kuiwasha. Anselme alifungua kofia anuse, kwa mazoea tu, na kile kipande cha mpira hakikuwepo. Aliigeuza kofia. Katikati kulikuwa na katundu kadogo, katundu alikokuwa amekazibua kwa sindano kwenye kofia za wateja wengi sana. Tangi hupumua kwa hako. Hewa isipoingia, petroli haishuki, injini inakufa kwa kiu tangi likiwa limejaa. Mpira wake mzuri ndio uliokuwa umekaziba, na kila alipofungua anuse alikuwa akilipa tangi pumzi yake, halafu akaishukuru buji. Mbele ya kunusa, ao nyuma ya kunusa. Ilikuwa mafuta tangu mwanzo.

"Basi washa," Martine akasema.

"Apana. Wataisikia."

Martine alimtazama, akaelewa. Pikipiki ikiunguruma, wale watu watajua kwamba fundi wao amesema uongo, na fundi wao yuko pale mikononi mwao. Akainuka kwenye jiwe bila kulalamika. Wakasukuma mlima ule, wakasukuma na ule uliofuata, Martine akisimama kila maumivu yalipompitia, mpaka upande wa pili wa bonde ambako hata mlio wa bunduki ungefika umechoka. Hapo tu Anselme akapiga teke.

Petroli ilivuja kwenye kitenge cha Martine njia nzima. Alitapika mara kadhaa na hakumlaumu mtu. Pikipiki haikuzima tena, haikukohoa hata mara moja, na kila mlima ilioupanda vizuri Anselme alizidi kulia, mpaka Martine akamfuta macho kutoka nyuma ili aone njia.

Mtoto alizaliwa Boga, mikononi mwa Agathe, akalia kwa hasira kubwa. Vita ikapungua. Wengi waliochukuliwa walirudi, na Anselme aliuliza kila aliyepita, na hakuna aliyejua habari za Paluku.

Siku hizi ukimpelekea Anselme pikipiki inayozima, atakwambia ni mafuta, kabla hata hajainama. Mara nyingi ni cheche, naye anajua ni cheche, na mwishowe ataitengeneza cheche. Lakini kwanza lazima mtu aseme ni mafuta, na hakuna mwingine aliyebaki wa kusema.