Jina la Kuandika Kaburini kwa Baba

Siku ya tatu ya matanga ya baba, kaka yangu Yahye alikuja nyumbani kwetu mtaa wa Wabera na tai shingoni, akaanza kuwaeleza wageni asili ya jina Douglas. Babu alibandikwa jina hilo jeshini na ofisa wake Mskoti. Eti maana yake ni maji meusi, na eti Douglas mmoja alibeba moyo wa mfalme vitani. Yahye alitaka liandikwe kwenye kibao cha kaburi.

"Na babu ya babu yako aliitwa nani?" shangazi Fahmo akamuuliza.

Yahye akafungua simu.

"Hayuko humo, Bwana Douglas. Hata watoto wetu wa madrasa hutaja kwa kichwa majina ya mababu zao kumi."

Nilichukua kibao, nikaandika Kahin, jina la baba, kisha mababu zake hadi nafasi ikaisha.