Kondoo wa Nyuma

Damiani wa Mungaa aliogopa damu. Hata kuku wa Krismasi alichinjiwa na jirani, yeye akisimama nyuma ya nyumba akiuliza, "Tayari?" Sasa mtu wa namna hiyo, mkewe Dorkas akashikwa na uchungu wiki mbili kabla ya siku zake, katikati ya kupiga alizeti, na mtoto akatoka hata pikipiki haijapatikana.

Bibi Esta, jirani yao, ndiye aliyempokea mtoto hapo sebuleni, kisha akamhamishia mama na mwanawe chumbani. Akamtolea Damiani beseni lililofunikwa kitambaa.

"Mwenzake mtoto huyu, yule wa kila uzazi. Kamfukie nyuma ya zizi, chini sana, mbwa wasije wakamfukua. Halafu usafishe hapa."

Damiani akalibeba beseni macho yakiwa mawinguni. Akachimba, akafukia, akaweka miiba juu. Aliporudi sebuleni akakuta shuka, kanga tatu na mkeka vimelowa chapachapa. Akachemsha maji, akamwagia. Damu ikagandamana na shuka kabisa.

"Maji ya baridi, wewe!" Bibi Esta akafoka dirishani. "Nani kakufundisha kupika shuka?"

"Samahani, bibi."

Akaanza upya: maji ya baridi, chumvi, sabuni ya mche. Sakafuni akamwaga majivu, akazoa, akasugua. Mikono ilikuwa ndani ya povu simu ilipoita. Ni Nesi Happiness wa zahanati, aliyeitwa tangu uchungu uanze, na mtandao wa Mungaa mnaujua.

"Niko njiani... kondo... nyuma... niwekeeni, nataka kuli..." Ikakatika.

Kondoo wa nyuma? Katika kundi la Damiani wa nyuma alikuwa mmoja tu, jike mnene mfuasi wa kawia ufike, ambaye hajawahi kufika malishoni pamoja na wenzake.

"Mtoto hajamaliza saa duniani," akanung'unika, "nesi kashachagua kondoo. Tena kamjulia wapi?"

Lakini anayekuja kumwangalia mkeo humnyimi kitu. Akamkamata, akamfuta matope miguuni, akamfunga mlangoni.

Nesi alifika, akaingia kumpima Dorkas, akatoka amevaa glavu.

"Liko wapi?"

"Huyu hapa, sista."

"Huyu nani?"

"Kondoo wa nyuma."

Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona sebule inavyong'aa, kicheko kikaisha.

"Kondo la nyuma, baba. Lile lililomfuata mtoto. Nilitaka kuliona kama limetoka lote. Kipande kikibaki tumboni, mama anaweza kuvuja damu mpaka tumkose."

Damiani akanyakua jembe. Alikimbia. Miiba aliivuta kwa mikono mitupu, na jembe akalitupa kando lisije likakata kitu, akafukua kwa vidole. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Amefukia bila kutazama, kwa sababu ya kinyaa chake tu, na sasa hajui hata kama alifukia kitu kizima.

Alilileta, akalimiminia maji mwenyewe. Nesi akalitandaza juu ya nailoni, akaligeuza taratibu, akiunganisha kingo kwa kidole. Yule mwoga wa kuku alikuwa amepiga magoti, pua karibu iguse.

"Hapo, sista. Hapo si pamepungua?"

"Huo ni udongo."

"Na hapo?"

"Baba, acha nifanye kazi."

Akaligeuza tena. Bibi Esta alikuwa amesimama mlangoni.

"Limetoka lote," nesi akasema.

"Sema tena."

"Lote. Na damu ya mama ni ya kawaida. Nitashinda naye hapa mpaka nihakikishe."

Damiani akalia, wala hakujificha. Alipomaliza akajifuta kwa bega, akainua ndoo. Kanga mbili zilikuwa bado, na shimo lilitaka kufukiwa upya.

"Weka ndoo chini," nesi akamwambia. "Nawa, uingie ndani."

"Kuna kilichomwagika?"

Dorkas akajibu kutoka chumbani, sauti imechoka lakini kicheko kimo: "Baba, umefua, umefukia, umefukua. Kila kilichotoka kwangu leo umekiona, isipokuwa mtoto."

Damiani akanawa mpaka viwikoni, akaingia.