Waya Uliotiwa Jivu

Mwaka 1912, kwenye mteremko wa Meru juu ya Kikatiti, Sumari mhunzi aliinamia meza ya Mjerumani mmoja akitazama kwa lenzi waya uliokatika. Mjerumani huyo, ambaye watu walimwita Bwana Waya, alijitengenezea taa za umeme kwa mkono wake, na maji ya mto yalimzungushia mashine. Waya wa taa ulikuwa wa madini yaitwayo wolframu, mwembamba kuliko unywele, na tabia yake ilikuwa mbaya. Ukiwa mpya ulibeba uzito bila kulalamika, ila ukishawaka siku tatu ndani ya kioo ulikatika wenyewe.

"Chembe za waya zimekua, Bwana," Sumari alisema, akimrudishia lenzi. "Moto umezifanya nene kama chenga za mahindi. Hata chuma kikipikwa mno huwa hivyo. Zinataka kitu cha kuzishika."

"Kitu gani?"

"Mimi hutia jivu kidogo."

Jivu alilichota nyumbani. Mkewe, Anyesi, alichoma maganda ya ndizi apate magadi ya kulainishia maharage, na alikuwa na mitungi miwili. Mmoja ulikuwa wa kupikia. Mwingine ulikuwa na maganda ya mwisho ya shamba lao la zamani, lililofyekwa migomba yote ili karakana ya Bwana Waya ijengwe. Kitovu cha mtoto wao Kaanaeli kilizikwa humo, chini ya mgomba, kama ilivyo desturi. Sumari hakuuliza achote mtungi upi. Wanaume hawaulizi mambo ya jikoni, ndiyo maana hukosea.

Bwana Waya akachanganya jivu na unga wa wolframu, akaukandamiza, akauoka mpaka ukashikana, akaufua ungali moto, akauvuta ukawa waya. Saa kumi alasiri akawasha taa. Waya haukulegea wala haukukatika. Migomba arobaini na mmoja ikasimama karakanani, majani yakigusa dari. Bwana Waya akaandika daftarini kwamba waya ni imara na migomba ni arobaini na mmoja, kisha akahamisha kiti chake, maana mgomba mmoja ulikuwa umepita katikati yake.

Alipozima taa, migomba iliondoka. Alipowasha tena, ilirudi na machipukizi mawili zaidi.

Anyesi aliitwa. Akasimama mlangoni, akaitambua migomba yake mmoja mmoja, na furaha ikamjaa.

"Baba Kaanaeli, ulichota mtungi upi?"

"Ule wa karibu na mlango."

"Ule nilikuwa nimeuweka usiguswe," alisema, akaingia kukata majani makavu, kwa kuwa yalikuwa mengi.

Ulikuwa mwaka wa tatu wanadai shamba hilo. Kila mara walijibiwa serikalini kwamba karatasi inasema ardhi ilikuwa tupu, hakuna aliyewahi kuipanda kitu. Bwana Waya, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema mpima ardhi angekuja Jumatatu, basi aje aone mwenyewe.

Mpima ardhi akaja, akainama kupita chini ya majani. Alihesabu migomba mara mbili na kula ndizi tatu.

"Kitovu cha mwanangu kiko chini ya huu, Bwana," Anyesi alimwambia, mkono wake ukiwa juu ya shina. "Utasema hapakuwa na mtu?"

"Naona, Mama. Shamba zuri sana."

Akasogeza mkungu uliokuwa umelalia meza, akaandika: ardhi tupu, haijawahi kulimwa. Utomvu ukadondokea karatasi. Akachukua karatasi nyingine, akaandika vilevile.

Anyesi alilia siku ile, kesho yake akanoa panga la kukatia mikungu. Taa ile imewaka miezi minane sasa. Nyumbani kwake machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, hayakosekani, na bakuli moja hupelekwa kwa Bwana Waya, anayeyapenda. Kila alasiri Anyesi huvuka mto akiimba, hupiga hodi mlangoni mwa shamba lake, na kungoja akaribishwe.