Uso wa Yesu wa Kebirigo

Kwa mwaka mzima sikuuona uso wa Yesu wa Kebirigo, ingawa kazi yangu ilikuwa kuketi miguuni pake. Watalii walishuka kwenye basi, wakainua kamera, wakasema "Aah!" Mimi niliwauzia ndizi na vinyago vya mawe ya Tabaka huku nimeinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa sokoni.

Kosa lilikuwa la Machogu mwashi. Mwaka wa 1971 parokia iliamua kujenga sanamu kubwa juu ya kilima ili wageni wa Kisumu wapite kwetu. Padri akampa Machogu picha ambayo uso wake haukuzidi punje ya hindi. Machogu akasema hawezi kufinyanga pua ambayo hajaishika. Akatafuta mtu mwenye ndevu nzuri na pua iliyonyooka, akampata Okemwa, baba mkwe wangu. Mzee aliketi kwenye kigoda, Machogu akimpapasa mashavu, kisha akienda kupapasa saruji. Mbao zilipoondolewa, akasimama pale Yesu mfufuka, mrefu kuliko mikaratusi, mikono ameitandaza, kavaa shuka la kiunoni tu. Kila mtu akasema huyo ni Okemwa.

Wageni hawajui ensoni ni nini. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe aliyevua nguo. Ukimkuta anaoga mtoni, unageuka na kurudi ulikotoka hata kama nyumba yako inaungua. Hiyo ndiyo ensoni, na haichezewi. Sasa mimi, mjane wa mwanawe Nehemiah, parokia ilikuwa imenipa kibanda chini ya kifua kile!

"Bitutu, mkwe wako hasikii baridi?" Mong'ina, aliyeuza mayai kando yangu, aliniuliza hivyo kila asubuhi. Nilimtukana kimoyomoyo tu, maana nani mwingine angenilindia kibanda nikienda kuteka maji?

Na ningeenda wapi? Nehemiah alikufa lori la majani chai lilipopinduka, akaniachia Orpah na kipande cha shamba. Kibanda ndicho kilichomweka mtoto shuleni. Lakini minong'ono ilizidi, hadi wazee wa ukoo wakamwita Okemwa na kumwambia wazi: ama mkwe wako aondoke pale kilimani, ama uso ule uondoke.

Nilijua atakayeondoka ni mimi. Mzee aliupenda uso ule, na simlaumu. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilima, akasimama mbali nami kwa heshima, akajitazama alivyokuwa ujanani. Wazungu walipompiga picha kando ya sanamu, alinyoosha mgongo uliopindwa na kazi ya chai. Alikuwa na furaha gani nyingine mtu yule?

Asubuhi moja alikuja na Machogu, ngazi na nyundo.

"Mama Orpah," alisema akiwa amenipa mgongo, "toka hapo chini. Saruji itakuangukia."

Sikuelewa mpaka Machogu alipoanza kupanda. Mzee alikuwa ameamua kuuvunja uso wake mwenyewe ili mimi niendelee kuuza ndizi. Moyo uliniuma sana. Nikasahau ensoni, nikasahau Mong'ina aliyekuwa ametoa macho, nikainua kichwa ili nimzuie yule mwashi.

Nikamwona Nehemiah.

Machogu alikuwa ameyafuta makunyanzi ya mzee kwa kuwa Yesu alikufa kijana. Makunyanzi yalipokwisha, aliyebaki alikuwa mume wangu. Paji lilikuwa lake, na midomo ile ilikuwa karibu kucheka, kama alivyofanya hata tulipogombana. Sikuwa na picha yake hata moja nyumbani.

"Machogu, shuka!" nilipiga kelele. "Huyo ni mume wangu!" Nikalia mbele ya watu bila kujali.

Mzee aligeuka, akatazama juu. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtafuta ng'ombe wake katika kundi la jirani. Machogu alisubiri kwenye ngazi, nyundo mkononi.

"Ni kweli," mzee alisema mwishowe. "Si mimi. Ni Nehemiah. Machogu, shuka twende kwa wazee, nitawaambia mwenyewe. Mke hakatazwi kuketi na mumewe."

"Asante, Tata," nilisema, kama tunavyomwita baba kwetu.

Alikuwa tayari ameyashusha macho yake chini, na hapo ndipo nilipofahamu alichonipa. Ensoni si ya wakwe peke yao. Baba naye hamtazami mwanawe, mtu mzima, aliyesimama bila nguo. Alishuka kilima polepole, mkono begani mwa Machogu, na hakupanda tena maisha yake yote. Jumapili zilizofuata nilimwona akitoka misa na kushika njia ya chini, macho kwenye vumbi. Nami huku juu nilimtazama mwanawe kwa niaba yetu wote wawili.