Sikio Lililotulia

Wenzake kazini walimwita Timazi, maana kuta alizojenga zilinyooka kama uzi wa timazi wenyewe. Sasa mwenye jina ndiye aliyepinda. Dunia ilimzunguka bila taarifa, akaanguka na karai la zege mbele ya watu, na alipofika nyumbani mkewe akamnusa mdomo. Zamani Timazi alikuwa mnywaji, na mnywaji aliyeacha haaminiki hata akipiga chafya. "Ukirudia pombe, mimi narudi kwetu," mkewe alishamwambia, na mwanamke yule hakuwa na mazoea ya kusema jambo mara mbili.

Basi siku ya vipimo hospitalini walikwenda pamoja. Mke alitangulia hatua kadhaa kwa aibu, Timazi nyuma akipapasa ukuta. Ndani ya chumba mkewe akakaa mbele ya skrini ya kuonyesha macho ya mgonjwa, mkoba mapajani.

Mpimaji, binti mpole, alimvisha Timazi miwani mizito yenye kamera ndani. "Fuata nukta kwa macho, baba. Kichwa kisisogee." Nukta ikaenda kushoto, ikaruka kulia. Kisha akamlaza, akafunika miwani, giza likaingia. "Sasa napuliza hewa ya moto sikioni. Utasikia kizunguzungu kidogo."

Kidogo! Hewa ilipoingia sikio la kulia, kitanda kiling'oka. Timazi alishika kingo kwa mikono miwili, hajui juu ni wapi wala miguu yake imeelekea upande gani.

"Usisinzie, baba. Nitajie majina ya wanawake, yoyote yale, haraka haraka."

Dunia inazunguka, mke yupo pale pale, halafu ataje wanawake? Huo si mtihani, ni mtego.

"Mtajie tu," sauti ya mkewe ikasema. "Na mimi nisikie."

"Mwiko!" Timazi akapiga kelele. "Nyundo! Pimamaji! Koleo! Kamba!"

Binti alicheka mpaka akashika meza.

Wakapumzika, likafuata sikio la kushoto. Timazi alijikaza, akangoja. Kimya. Kitanda kilitulia tuli, naye akashusha pumzi.

"Hili zima, binti yangu. Bovu ni lile la kulia."

"Hapana, baba, ni kinyume chake. Sikio zima likipulizwa, macho lazima yacheze. Hili la kushoto limelala. Mizani ya mwili iliyo ndani yake imedhoofika."

"Kwa hiyo lililonizungusha ndilo zima?"

"Ndiyo."

"Na lililonituliza ndilo linaloniangusha?"

"Ndiyo, baba. Daktari atakuonyesha mazoezi."

Timazi hakuelewa kitu. Maisha yake yote, ukuta unaoyumba ndio mbovu. Akamtazama mkewe amsaidie, lakini mkewe alikuwa anamtazama binti.

"Na pombe je?" mkewe akauliza, taratibu.

"Pombe haichagui sikio, mama. Huyu kaugua upande mmoja."

Mke alifunga mkoba ambao ulikuwa umefungwa tayari. Alijisikia vibaya sana, na hakuficha. "Nisamehe, baba watoto," akasema.

Kwenye korido, watu waliokaa kwenye mabenchi walimtazama Timazi akipepesuka. Akajivuta pembeni, ukutani.

"Tangulia," akamwambia mkewe. "Watasema nimelewa."

Mke akarudi nyuma, akamshika mkono wa kushoto, akaanza kupepesuka naye makusudi.

"Waseme tumelewa wote wawili."