Maji ya Kifua cha Yves

Kaka yangu Yves alikufa Jumanne asubuhi, hapa Kasongo, soko likianza kujaa. Siku nne kabla, Dokta Djafari alimchoma sindano mgongoni akatoa maji yaliyozunguka pafu lake. Yalikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa.

"Moyo unaweza kuleta maji haya, kifua kikuu pia, kansa pia," aliniambia. "Kwa macho yanafanana. Kwenye maabara ya Bukavu wanatafuta ndani yake alama za kansa na alama za kifua kikuu, ndipo tunajua."

Kichupa cha maji hayo kilikuwa bado kwenye friji ya hospitali, kikingoja safari, tulipokaa matanga. Baba mdogo Dominique alisimama mbele ya Sonia, mke ambaye Yves alimleta kutoka machimbo ya Salamabila.

"Bibi wa Salamabila, ulimupikia sombe gani ya kuzaa maji mu kifua?"

"Sombe ile, majani ya muhogo tu, ulikula sahani mbili, baba," Sonia alijibu bila kuinua kichwa.

Wawili watatu walicheka. Dominique akanigeukia. Katika ukoo wetu mtu huzikwa mzima. Hata kucha alizokatwa akiumwa humfuata kaburini.

"Hervé, maji ya kaka yako iko mu friji ya watu. Lete, tumuzike nayo. Kiisha huyu mwanamuke arudi kwao."

Nilielewa kwamba maji yakizikwa bila kupimwa, Sonia ataitwa mwenye sumu mpaka kufa kwake.

Nilimwomba dokta ayatume Bukavu. Alikubali, akanipa kichupa kingine kama kile, kitupu. Nilikijaza maji ya kisima chetu, nikatia chai kidogo. Dominique alikiinua juani, akakilaza jenezani, kwenye ubavu wa kushoto wa Yves, akalia kama mtoto.

Siku ya tatu baada ya mazishi udongo wa kaburi ulilowa upande huo. Ni kiangazi, kwingine kote umepasuka. Nilichimba kwa kidole, nikanusa. Chai. Na mchana, nikivuta ndoo kisimani, nilisikia pumzi fupi chini, kama zile za Yves wiki ya mwisho. Nikisimamisha kamba, nazo zinasimama.

Baada ya wiki tatu majibu yalikuja. Dokta alimsomea Dominique mwenyewe: alama za kansa ziko juu sana, za kifua kikuu ziko chini, na chembe za kansa zimeonekana.

"Kwa hiyo si sumu," Dominique alisema polepole. Halafu akaniangalia. "Bukavu walipima maji gani? Na sisi tulizika nini?"

Nilimwambia yote. Aliomba maji yarudishwe. Dokta alisema huko wakimaliza kupima, wanateketeza.

Sonia amebaki nyumbani kwetu. Kila asubuhi Dominique anapeleka mchanga mkavu kaburini, na saa sita umelowa. Maji ya kunywa tunachota kwa jirani yetu Aicha.