Marehemu Alipokwenda Kliniki

"Kwani wewe na marehemu mumeo mlikuwa mkifanya nini, shoga, mpaka ugonjwa ukakae huko nyuma?" jirani alimuuliza fundi cherehani siku moja wakianua nguo.  Fundi aliendelea kukusanya vibanio.

Ulikuwa mwaka wa pili anashona amesimama, mguu mmoja sakafuni, mwingine kwenye pedali, maana kukaa kulimshinda. Chooni alitoka damu. Kliniki, mgonjwa hutaja shida yake dirishani kwa sauti, foleni nzima inasikia, kwa hiyo mjane wa watu, mshika dini, akawa anasema "tumbo". Akapewa dawa ya minyoo. Alipojikaza akasema ukweli, daktari hakumgusa. Alimpa mafuta ya bawasiri na kumwambia aache pilipili. Kila aliporudi, mafuta.

Safari hii mumewe alimfuata. Alikuwa amekufa zamani. Alikaa kwenye benchi, sanda ameikunja magotini, ananuka sigara zake zilezile. Muuguzi alimgombeza kwa kumwaga udongo kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Na usituruke foleni, mzee," alisema mgonjwa mmoja. "Wenye haraka ni sisi."

Ndani, daktari alimpa marehemu kiti. "Karibu, mzee. Pole kwa kuuguliwa."

"Nimeshapoa. Huko niliko mtu huelezwa alichoacha nyuma. Kuna virusi watu hupeana chumbani, ngozi kwa ngozi tu. Vinanyamaza miaka, kisha kwa wachache vinazaa saratani huko nyuma. Nilivileta mimi, kutoka safari zangu. Sigara nazo huchochea, lakini mvutaji nilikuwa mimi. Huyu hajui mwanamume mwingine."

Daktari aliitikia kwa kichwa. "Hapo umenena, mzee. Mwenye mke akishasema, basi tutampima."

Mwenye mwili alikuwa amesema mpaka sauti ikamkauka.

Fundi alipanda kitandani, akageukia ukuta, akamwomba Mungu amshikie ulimi. Daktari alivaa glavu. Haikuchukua muda. Uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa ndimu, na kinenani mitoki ya tezi imeshajipanga.

"Lakini mama," alisema akivua glavu, "mbona umechelewa hivi?"

Marehemu aliangalia miguu yake. Fundi alishusha gauni, akalinyoosha, akapokea karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa, akatoka.